Chupa na Daftari: Maabara ya Bakteria ya Kilifi na Watu Wake, 1989–2024

Mtoto akishikwa na homa Kuze, kisiwani Mombasa, neno la kwanza kutajwa nyumbani ni malaria. Ndivyo ilivyo Kibokoni, ndivyo ilivyo Malindi na Bamba, na kwa miaka mingi ndivyo walivyofikiri hata waganga wa hospitali za pwani, kwa kuwa darubini iliwaunga mkono: damu ya mtoto ilipopimwa, vimelea vya malaria vilionekana. Historia inayosimuliwa hapa ni ya taasisi iliyothubutu kuipima dhana hiyo. Nayo ni maabara ya bakteria ya mpango wa utafiti unaoendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome Trust mjini Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Kumbukumbu za taasisi kama hii huelekea kuandikwa kwa majina ya maprofesa na vichwa vya majarida. Hoja ya makala haya ni nyingine. Sifa ya maabara hii imejengwa na kazi moja iliyorudiwa kila siku kwa miaka mingi na mikono mingi: kutia damu ya mtoto kwenye chupa, na kuiunganisha chupa hiyo na daftari la watu wote wa eneo lake. Chupa bila daftari isingetuambia ugonjwa umeenea kiasi gani, na daftari bila chupa lingehesabu makaburi bila ya kujua sababu.

Haja iliyoizaa, 1979–1998

KEMRI iliundwa mwaka 1979 ikiwa taasisi ya serikali ya Kenya. Miaka kumi baadaye, 1989, ushirikiano wake na Oxford na Wellcome Trust ulianza kazi Kilifi, ndani ya hospitali ya wilaya. Dkt Kevin Marsh aliongoza mpango tangu siku za mwanzo, na Dkt Norbert Peshu akawa mkurugenzi wa kituo upande wa KEMRI. Kilichotafutwa kwanza kilikuwa malaria kali ya watoto, kwani ndiyo iliyojaza wodi.

Lakini malaria ya pwani ilikuwa na mtego wake. Katika vijiji ambamo watoto wengi hubeba vimelea wakicheza na kula vizuri, kuviona vimelea kwenye damu ya mtoto mgonjwa hakuthibitishi kwamba ndivyo vilivyomlaza. Huenda anabeba malaria na anaumwa na kitu kingine. Kitu hicho kingine, kwa watoto wengi, kilikuwa bakteria waliokwisha kuingia kwenye damu, na hao hawaonekani kwa tone la damu juu ya kioo, lazima waoteshwe. Kuotesha kunataka umeme usiokatika, chakula cha bakteria kisichochafuka, na mtu wa kuangalia usiku na mchana, sikukuu na Jumapili. Hospitali ya wilaya ya miaka ile haikuwa na vitu hivyo. Ilikuwa na dawa ya malaria, penisilini, na busara ya muuguzi. Uchunguzi uliotolewa Kilifi mwaka 1999 ulionyesha ukubwa wa pengo hilo: kati ya watoto 783 waliolazwa kwa malaria kali, asilimia 7.8 walikuwa na bakteria katika damu, na hao walikufa kwa kiwango kama mara tatu ya wenzao. Aliyewatibu kwa malaria peke yake alikuwa ametibu nusu ya ugonjwa.

Kila mtoto, kila siku, 1998–2005

Kuanzia Agosti 1998 maabara ilijifunga kwa kanuni ambayo kuisema ni rahisi kuliko kuitimiza: kila mtoto anayelazwa kwa ugonjwa wa ghafla atatolewa damu ya kuoteshwa, awe anaonekana mahututi au sivyo. Hapo kabla, hata katika hospitali kubwa za Afrika, damu ilioteshwa pale daktari alipoingiwa na shaka. Tofauti ni kubwa. Anayetafuta pale anaposhuku tu hupata alichokishuku, na ugonjwa asioujua hubaki haujulikani.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Ngozi ya mtoto husafishwa, damu ya mililita 1 hadi 3 huvutwa, ikatiwa kwenye chupa ndogo yenye supu ya kulishia bakteria. Chupa hukaa ndani ya mashine yenye joto la mwili wa binadamu. Bakteria wakiwamo, wanakula na kutoa hewa ya kaboni. Kitako cha chupa hubadilika, mashine ikaisoma dalili hiyo na kuita. Mtaalamu wa maabara hutoa tone, akalipaka juu ya kioo na kulitia rangi ya Gram: bakteria wa kundi moja hutoka zambarau, wa kundi la pili hutoka wekundu. Tone jingine hutandazwa juu ya agari, chakula cha bakteria kilichoganda, yenye damu. Asubuhi ya pili, nyumokokasi, yule msababishi mkuu wa nimonia, huwa ameota vidoto vidogo vilivyobonyea katikati, kila kimoja na duara la ukijani pembeni pale alipoiharibu damu. Hapo hutazamwa dawa gani zinamuua na zipi zimemshinda. Chupa isiyoonyesha kitu husubiriwa siku tano ndipo itangazwe tupu.

Na ndani ya kazi hiyo mna uamuzi ambao mashine haiwezi kuufanya. Ngozi ya kila mtu ina bakteria wake, na mara nyingine ndio wanaoingia kwenye chupa. Mtaalamu akiwahesabu hao kuwa ugonjwa, mtoto atapewa dawa asiyoihitaji na takwimu zitavimba. Akipuuza yule wa kweli, mtoto atakufa na takwimu zitasinyaa. Ndiyo maana maabara ilipimwa na macho ya nje, kwa kutumiwa sampuli za siri kutoka Uingereza na kutakiwa izitambue. Uaminifu wa namba zote zitakazotajwa hapa chini umesimama juu ya mtu huyo na kioo chake.

Matokeo ya miaka minne ya mwanzo, hadi Julai 2002, yalichapishwa Januari 2005 katika jarida la Marekani la New England Journal of Medicine. Damu ya wagonjwa 19,339 ilikuwa imeoteshwa. Kati ya watoto wachanga wa chini ya siku 60, asilimia 12.8 walikuwa na bakteria katika damu. Kati ya wakubwa zaidi ya hapo, asilimia 5.9. Vifo 26 katika kila 100 vilivyotokea hospitalini vilikuwa vya watoto wenye bakteria hao. Katika orodha ya waandishi, pamoja na Dkt James Berkley aliyetangulia na Profesa Anthony Scott aliyeufunga msururu, yamo majina ya watu wa maabara na wa takwimu: Salim Mwarumba, Caroline Ngetsa, Evasius Bauni na wengineo. Uandishi huo ulikuwa haki yao, kwani bila wao ripoti isingekuwapo.

Namba moja katika ripoti hiyo yastahili kusomwa taratibu. Watoto 308 wenye bakteria katika damu walikufa. 103 kati yao walikufa siku ile ile ya kufikishwa hospitali, na 217 ndani ya siku mbili. Yaani kwa wengi wao chupa ilipoita, mtoto alikuwa ameshazikwa. Daktari hakuisubiri chupa, bila shaka. Dawa ilianza kwa kuangalia dalili. Hata hivyo dawa ya wodini, hata iwe nzuri vipi, ilikuwa inakuja saa za mwisho. Kutoka hapo hoja inajiendesha yenyewe. Kama kifo kinawahi kuliko tiba, ugonjwa lazima uzuiwe kabla ya mlango wa hospitali, na kuuzuia ni kwa chanjo. Kuishawishi serikali inunue chanjo ghali kunahitaji kujua watoto wangapi katika kila laki moja wanaugua. Swali hilo haliwezi kujibiwa na hospitali, kwa sababu hospitali huwajua waliokuja tu.

Daftari la nyumba, tangu 2000

Jibu likatoka nyanjani. Mwaka 2000 ilianza sensa ya kudumu katika eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali, eneo ambalo baadaye lilihesabiwa kuwa na wakazi wapatao 260,000. Kila nyumba iliwekwa kwenye ramani, kila mtu akapewa nambari, na wafanyakazi wa nyanjani wakawa wanarudi mlango kwa mlango kiasi cha mara tatu kwa mwaka kuuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Mtoto akilazwa, karani wa wodi humtafuta katika daftari hilo, ambalo sasa limo ndani ya kompyuta, akaunganisha chupa na nyumba.

Kwa kuunganisha hivyo ndipo ilipowezekana kusema kwamba, kwa uchache, watoto 1,457 katika kila 100,000 wa chini ya mwaka mmoja walikuwa wakipata bakteria katika damu kila mwaka. Neno “kwa uchache” liliwekwa na watafiti wenyewe, nalo linajibu pingamizi la haki: je, mtoto aliyekufia nyumbani, au aliyemeza dawa ya dukani kabla ya kuja, ambaye bakteria wake hawakuota? Hao hawamo. Kasoro hiyo, lakini, inavuta upande mmoja. Inaupunguza ugonjwa, haiuongezi, na kwa hiyo aliyetumia namba hizo kuitetea chanjo alikuwa akitetea kwa ushahidi mwembamba kuliko hali halisi.

Wafanyakazi wa nyanjani hawasifiwi vya kutosha. Kutembea vijijini mwezi wa Februari, juani, kwenda kumuuliza mama yule yule maswali yale yale kwa mara ya ishirini, na kutoka na jibu la kweli, ni ufundi unaotaka heshima, Kigiriama safi na uvumilivu.

Chanjo zilipofika, 2001–2019

Kenya iliingiza chanjo ya Hib, bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia, mwezi wa Novemba 2001. Kulikuwa na walioshuku kwamba ugonjwa huo ni mdogo Afrika na kwamba fedha zingefaa mambo mengine. Kilifi ilikuwa na majibu ya kabla na ya baada, jambo ambalo nchi chache za bara hili ziliweza kulisema. Mwaka mmoja kabla ya chanjo, watoto 66 katika kila 100,000 wa chini ya miaka mitano walipata Hib kali. Miaka mitatu baada yake walikuwa 7.6. Ripoti ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba kwa mwaka 2005 peke yake, watoto wapatao 3,370 nchini kote hawakulazwa kwa sababu ya chanjo hiyo.

Kisha ikaja zamu ya nyumokokasi. Chanjo yenye aina kumi za bakteria huyo ilianza Kenya mwanzoni mwa 2011, na katika eneo la Kilifi ilitolewa pia kwa watoto wakubwa zaidi, wote wa chini ya miaka mitano, ili athari yake ionekane mapema. Hapa pingamizi ni kubwa zaidi na lastahili jibu refu. Mtu anaweza kusema: miaka hiyo hiyo malaria ilikuwa ikishuka na vyandarua vikienea, huenda nimonia na maambukizi ya damu yangepungua tu, chanjo iwepo isiwepo. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ulithibitishwa na maabara hii hii. Utafiti wa mwaka 2011 ulioongozwa na Anthony Scott ulionyesha kwamba malaria humfungulia bakteria mlango: katika kipindi ambacho karibu theluthi ya watoto walibeba vimelea, asilimia 62 ya maambukizi ya damu yalikuwa na mkono wa malaria, na malaria ilipopungua, bakteria nao walipungua. Anayetaja malaria kwanza nyumbani hakukosea kabisa, basi. Amekitaja chanzo akakiacha kilichofuata.

Ila jibu limo kwenye aina. Nyumokokasi wamo wa aina zaidi ya tisini, na kila aina hujulikana kwa ganda lake. Mtaalamu huchanganya bakteria na kingamwili za aina fulani chini ya darubini; zikipatana, ganda huonekana limevimba. Kazi hii hufanywa kwa jicho, kioo baada ya kioo. Kama ni vyandarua vilivyopunguza ugonjwa, aina zote zingeshuka pamoja. Haikuwa hivyo. Ripoti iliyotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2019, ikiongozwa na Dkt Laura Hammitt na kutumia takwimu za 1999 hadi 2016, ilionyesha kwamba ugonjwa mkali wa zile aina kumi zilizomo kwenye chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na ugonjwa wa nyumokokasi wa aina zote kwa asilimia 68. Watu wazima ambao hawakuchanjwa nao walipata nafuu, kwa kuwa watoto waliacha kuwaambukiza: aina hizo zilikuwa zimekaa puani mwa watoto 34 katika kila 100 kabla ya chanjo, zikabaki kwa 13 mara baada yake.

Katikati ya kazi hizo mbili kuna moja ambayo familia nyingi za pwani zinaihisi ndani ya nyumba zao. Mwaka 2009 Profesa Thomas Williams na wenzake walizirudia chupa za miaka kumi, wakapima ugonjwa wa selimundu kwa watoto 1,749 waliokuwa na bakteria katika damu. Wenye selimundu walikuwa 108. Hatari ya mtoto mwenye selimundu kupata bakteria katika damu ilikuwa mara 26 ya mwenzake, na nyumokokasi ndiye aliyeongoza. Kabla ya hapo walikuwapo walioamini kwamba penisilini ya kinga na chanjo, zilizookoa watoto wa selimundu Marekani, hazina kazi Afrika kwa kuwa bakteria huyo hawasumbui watoto wa huku. Kilichokosekana Afrika kilikuwa chupa za kumwotesha, na zilipopatikana alionekana.

Matukio makuu ya safari hii ni kama yafuatavyo:

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1979 | KEMRI yaundwa |
| 1989 | Mpango wa utafiti waanza Kilifi |
| 1998 | Agosti: damu ya kila mtoto anayelazwa yaanza kuoteshwa |
| 2000 | Sensa ya kudumu ya wakazi yaanza |
| 2001 | Novemba: chanjo ya Hib yaingizwa Kenya |
| 2005 | Ripoti ya watoto 19,339 yachapishwa |
| 2008 | Mpango wa kulea watafiti wa Kiafrika waanza |
| 2009 | Ripoti ya selimundu na bakteria |
| 2011 | Chanjo ya nyumokokasi yaanza |
| 2014 | Uongozi wa mpango wapita kutoka kwa Kevin Marsh kwenda kwa Philip Bejon |
| 2019 | Ripoti ya athari ya chanjo ya nyumokokasi |

Damu na hofu yake

Taasisi inayotoa damu pwani haiwezi kujidai haijui neno mumiani. Hadithi za watu wanaovizia wenzao na kuwanyonya damu ya kufanyia dawa zimesimuliwa Mombasa na mwambao wote kwa vizazi, na maabara ilipoanza kuchukua damu za watoto, mnong'ono haukuchelewa. Wapo watafiti waliouona mnong'ono huo kuwa ujinga wa kuelimishwa. Nadhani walikosea, na taasisi yenyewe ilikuja kulitambua hilo. Nyuma ya mumiani mna swali la haki: damu yangu inakwenda wapi, nani anafaidika, na kwa nini hukuniuliza? Swali hilo halijibiwi kwa bango. Hujibiwa kwa kumweleza mzazi kwa lugha yake kabla ya sindano na kukubali akikataa, na kwa kuwaweka wawakilishi waliochaguliwa na vijiji wakutane na watafiti mara kwa mara, jambo lililoanzishwa Kilifi katika miaka ya 2000. Watafiti wa Kilifi wameandika waziwazi juu ya minong'ono hiyo, pamoja na shida za wafanyakazi wa nyanjani wanaoishi katika vijiji vile vile wanavyovichunguza na kubebeshwa lawama za pande mbili.

Pingamizi la pili ni la umiliki. Fedha nyingi zimetoka London, jina la chuo kikuu ni la Oxford, na majina yaliyotangulia kwenye ripoti za miaka ya mwanzo ni ya Waingereza. Je, hii ni taasisi yetu? Jibu la kweli lina sehemu mbili. Kwa upande wa kazi, ni yetu tangu mwanzo: kituo ni cha KEMRI, wodi ni ya hospitali ya umma, na walioshika chupa, vioo na madaftari ni watu wa pwani na wa Kenya. Upande wa uongozi umechukua muda mrefu zaidi. Mpango wa mafunzo ulioanza mwaka 2008, pamoja na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Pwani kilichopata hati yake mwaka 2013, umezalisha watafiti wa Kiafrika wanaoongoza tafiti zao, na baada ya Dkt Peshu ukurugenzi wa kituo cha KEMRI ulikuja kushikwa na Dkt Benjamin Tsofa, aliyekuwa amefanya kazi katika huduma za afya za Kilifi. Upande wa fedha bado. Maabara inayotegemea mfuko wa nje hupanga maswali yake ikitazama nje, na Kenya haijalipa sehemu inayoipasa.

Kuna udhaifu wa tatu ambao haukutengenezwa na taasisi. Maabara imefungamana na hospitali ya umma, na hospitali ikisimama, nayo husimama. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa wauguzi wa mwaka 2017 ulikaribia miezi mitano. Wodi zilipofungwa chupa hazikuja, na pengo la namna hiyo katika daftari haliwezi kuzibwa baadaye kwa hesabu.

Kisiwani Mombasa

Msomaji wa Kuze ana haki ya kuuliza Kilifi inamhusu nini yeye anayeishi kwenye vichochoro vya mawe, ukuta kwa ukuta, mbali na mashamba ya Bamba. Magonjwa ya msongamano si ya mashamba. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu kazi ilivuka daraja. Katika utafiti wa dawa ya kinga ya kotrimoksazoli kwa watoto wenye utapiamlo mkali, uliochapishwa mwaka 2016, Hospitali Kuu ya Pwani ilikuwa moja ya hospitali nne, pamoja na Kilifi, Malindi na Mbagathi ya Nairobi. Watoto 1,778 walishiriki. Dawa haikupunguza vifo: 122 walikufa katika kundi lililoipata, 135 katika kundi ambalo halikuipata, tofauti inayoweza kuwa ya bahati tu. Utafiti wa namna hii hausherehekewi sana, nami nauona kuwa miongoni mwa kazi za uaminifu mkubwa wa taasisi hii, kwa sababu matumaini ya wengi yalikuwa upande wa pili na namba ziliachwa zijisemee.

Kisiwani penyewe kuna mfano mwingine unaoitia nguvu hoja ya kurudia. Tangu 1993 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani vimeendesha kliniki ya utafiti Ganjoni, kwa wanawake walio katika hatari kubwa ya kupata virusi vya Ukimwi, ambao wamekuwa wakialikwa kurudi kila mwezi kwa uchunguzi na tiba. Mwaka 1999, kutokana na wanawake 657, iliripotiwa kwamba wale waliokosa bakteria wazuri wa ukeni, laktobasila, walikuwa na hatari maradufu ya kuambukizwa virusi hivyo. Ugunduzi huo usingetoka kwa mwanamke aliyepimwa mara moja. Ulitoka kwa waliorudi mwezi baada ya mwezi kwa hiari yao, wakapokewa kwa heshima ambayo hawakuipata sehemu nyingi.

Mikono ya kuendeleza kazi hii inafundishwa hapa hapa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, ambacho mizizi yake ni ile taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanza kufundisha mwaka 1951, kina masomo ya sayansi ya maabara ya tiba. Kijana wa Kuze anayetaka kusoma bakteria hana haja ya kuvuka bahari.

Watoto wachanga, tangu 2018

Chanjo zimewafaa watoto waliokwisha kuzipata. Mtoto wa siku tatu hajapata chanjo hizo, na ile asilimia 12.8 ya mwaka 2005 ilikuwa yake. Bakteria wake ni wengine: E. coli, klebsiela, streptokoki wa kundi B ambao mama huweza kuwabeba bila ya dalili. Wengi wao wanazidi kuwa sugu kwa ampisilini na jentamisini, dawa ambazo wodi za Kenya huanza nazo. Kati ya Machi 2018 na Februari 2019, Kilifi iliwapima watoto wachanga 120 kuona kama fosfomisini, dawa ya zamani iliyokuwa imesahauliwa, inaweza kuongezwa salama kwenye tiba yao. Nusu waliipata, nusu wakabaki na tiba ya kawaida. Chumvi iliyomo ndani ya dawa hiyo ndiyo iliyotiliwa shaka, na vipimo vya damu havikuonyesha kuwa iliwadhuru. Mwaka 2024 jaribio kubwa zaidi la mchanganyiko wa dawa kwa watoto wachanga lilikuwa limeanza, na Kenya na Afrika Kusini ndizo zilizotangulia. Damu inayochukuliwa ni kidogo mno, pengine mililita moja, kutoka mkono mwembamba kuliko kidole cha muuguzi, na chupa ni ile ile ya mwaka 1998.